Nguo Ikifa Huacha Pesa

Watu wazima wakibuni nchi huanza na bendera na wimbo. Sisi tulianza na pesa, kwa sababu pesa ndiyo iliyokuwa ikitajwa kutwa kucha katika chumba chetu kule Kisumu Ndogo, Kibera, na hatukuwa tumeiona kiasi cha kuichoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Dada yangu alikuwa na kumi na sita. Namwita dada ingawa hakutoka tumbo la mama yangu. Alikuwa binti wa mdogo wake mama, na kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu, hakuna jina jingine. Angalau ndivyo tunavyosema wageni wakiwapo.

Alikuja kutoka kando ya ziwa na mfuko mmoja na barua ya kuitwa kidato cha kwanza, iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikaanza kukatika kwenye mikunjo. Alikuwa amepita mtihani kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, wavulana wakiwemo, na karo ikakosekana. Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mtu mwenye moyo. Alikubali kumwekea nafasi mwaka mmoja, asizidishe. Mama, aliyekuwa akiuza mitumba Soko la Toi, akasema msichana aje Nairobi amsaidie nyumbani na sokoni, na ikifika Januari atampeleka shule. Mama hakuwa mtu wa maneno matupu. Zamu yake ya kupokea mchango wa chama cha akina mama ilikuwa Novemba, na kwa zamu hiyo alipanga kununua robota zima la blauzi na mashati, la kwanza maishani mwake. Siku zote alikuwa akiokota vipande kwa wenye marobota, wakishajichagulia. Faida ya robota hilo ndiyo ilikuwa shule ya dada. Kila mtu nyumbani alijua hivyo, na mimi nilijua.

Nchi yetu ilizaliwa kwenye foleni ya maji. Foleni ilikuwa ndefu, mitungi ilikuwa mingi, na mwenye bomba alikuwa akifungua anapojisikia. Dada alichoka kusikiliza matusi ya watu, akaanza kuniambia juu ya kisiwa ambacho maji yake ni ya bure na nyumba ni ya aliyeijenga. Nikamuuliza kinaitwaje. Akasema tusikipe jina, kwa sababu nchi ikishapata jina inapata na askari.

Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo, nimesoma nilivyosoma, bado naliona kubwa kuliko mengi niliyoulizwa na walimu: kama mtu halipi maji na halipi kodi, pesa atafanyia nini? Tulikaa na swali hilo siku mbili. Siku ya tatu alikuwa na jibu. Watu wa kisiwani watalipana kwa yale ambayo mtu hawezi kujifanyia. Mtu hawezi kujisuka kisogo. Hawezi kujishika mkono akiwa anajifungua. Hawezi kujizika. Biashara yao yote ingekuwa hiyo, mikono ya mtu mwingine, na pesa yao ingekuwa ya kuomba mikono hiyo kwa heshima. Nilikubali, ingawa mimi nilitaka pia iwe ya kununua mandazi.

Pesa yenyewe ilitusumbua. Tulianza na vifuniko vya soda na bia, vile vya bati. Jumapili moja asubuhi tukazunguka nje ya baa tatu tu za mtaani, tukarudi na mfuko uliojaa, na kisiwa kizima kikawa na matajiri wasio na la kununua. Dada akasema pesa inayookotwa nje ya baa si pesa. Miaka ile unga ulikuwa ukipanda bei kila ukigeuka, na wakubwa waliokaa kwenye maofisi makubwa hawakuwa wameelewa alichoelewa msichana wa kidato cha sifuri akiwa amekalia mtungi.

Tukajaribu omena, wale dagaa wa ziwani. Wazo hilo alilipenda sana, kwa sababu omena huoza, na pesa inayooza hakuna mtu ataificha chini ya godoro. Lazima aitoe, imsaidie mwenzake, irudi. Paka wa jirani alikula hazina yote ya taifa siku ya pili. Mimi nikapendekeza tuchore noti, na sura yangu iwe katikati, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na kalamu za rangi. Dada akakataa kabisa. "Mtu akiwekwa sura yake kwa pesa," alisema, "ataanza kufikiria zote ni zake." Alisema bila kushusha sauti, na mimi niliangalia mlangoni kama kuna mtu amesikia.

Lebo zilikuja zenyewe. Mama alikuwa na desturi ya kutupa nguo zilizokwisha kabisa, zile zisizouzika hata kwa bei ya maji, tuzikate matambara ya kupigia deki. Siku moja dada alikuwa anapasua gauni kuukuu, akakutana na lebo ya shingoni: kipande kidogo cha kitambaa kilichofumwa, herufi za dhahabu kwenye weusi, lugha ambayo hatukuijua. Gauni lilikuwa limeoza. Lebo ilikuwa nzima. Aliiweka kiganjani, akaitazama muda mrefu, akasema, "Kibera nzima hakuna fundi wa kufuma hii." Hapo tukapata pesa yetu.

Na sheria yake akaitunga papo hapo. Nguo ikifa huacha pesa. Kisiwani mtu huvaa nguo yake mpaka iishe, halafu huiita familia, nguo inapasuliwa mbele ya mashahidi, na lebo inatolewa na kukabidhiwa aliyeivaa. Kwa hiyo pesa nyingi ni ishara ya mtu aliyeishi muda mrefu na kutunza vitu vyake, si ya mtu mwenye mabavu. Lebo iliyofumwa kwa dhahabu ilikuwa kubwa, ya hariri ikafuata, na zile za kuchapwa tu, zinazofutika kwa kufuliwa, zikawa chenji. Kukata lebo kwenye nguo iliyo hai lilikuwa kosa baya kuliko yote. Mkosaji alifukuzwa kisiwani. Mimi niliteuliwa mtunza hazina, na hazina ilikaa ndani ya kopo tupu la mafuta ya kupikia, ndani ya mfuko wa dada, kwa sababu mfuko huo ndio ulikuwa na zipu inayofunga.

Ukitaka ukweli, ulikuwa mpango mzuri sana. Ulikuwa na kasoro moja: mtunza hazina. Nguo zilikufa polepole. Wiki mbili zilipita bila lebo mpya, na kopo lilikuwa likilia kama njuga ya mtoto, vilebo vichache tu na kifungo kimoja cha kuongeza kelele. Dada aliridhika na umaskini huo. Alisema ndivyo pesa inavyofaa kuwa, ichelewe. Mimi sikuwa na subira ya kungoja nguo zife.

Robota lilifika Ijumaa, likiwa limebebwa na hamali aliyelalamika njia nzima. Mama alilifungua chumbani ili apange kabla ya Jumamosi, siku kubwa ya Toi. Sijawahi kumwona akiwa na furaha ya namna ile. Alizitoa blauzi moja moja, akazinusa, akazipiga kofi kama mtu anayempongeza mtoto. Bahati ilikuwa imemwangukia: nyingi zilikuwa kamera, yaani zile za daraja la kwanza, ambazo ni kama hazijawahi kuvaliwa. Aliimba wimbo wa kanisani akizikunja. Alimwambia dada, "Sasa andika hata hiyo orodha ya vitu vya shule, tusije tukasahau sanduku." Dada akainama, akajifanya anatafuta kitu chini ya kitanda. Alikuwa analia.

Alasiri mama akaenda kwenye maombi ya akina mama. Dada akaenda kwenye foleni ya maji. Nikabaki mimi, makasi, na shehena ile ya kola zilizogeuzwa.

Nimejaribu miaka mingi kujitafutia udhuru, na udhuru ninao, tatizo ni kwamba hautoshi. Mama mwenyewe alikuwa akikata lebo za nguo zake akisema zinawasha shingo. Kwangu mimi lebo ilikuwa kitu cha kuwasha shingo, basi. Mnunuzi hununua kitambaa, hutazama kama kuna tundu, huvuta zipu, huondoka. Ndivyo nilivyowaona wanawake wa Toi wakifanya tangu nipate akili. Kwa hiyo nilipoanza kukata sikudhani namwibia mama. Nilijua namwibia nani: nilikuwa nakiibia kisiwa. Nilijua nakata nguo zilizo hai, nilijua sheria, na niliona raha. Nilianza na moja yenye taji jekundu. Nikatafuta pacha wake. Nilikata kwa uangalifu, uzi kwa uzi, nisitoboe kola, na zile nzuri zaidi ndizo nilizozitanguliza. Kopo likajaa mpaka kifuniko kikakataa. Nikazikunja nguo vilevile kama mama alivyozikunja, nikarudisha kopo mfukoni mwa dada, nikafunga zipu. Kisha nikakaa nikiwa gavana wa benki kuu, tajiri kuliko wote, nikingoja dada aje nimwambie kuna mtu wa kisiwani ameaga dunia akiwa na nguo nyingi. Uongo nilikuwa nao tayari.

Sikupata nafasi ya kuusema, kwa kuwa dada alirudi pamoja na mama, na asubuhi tuliamka mapema kwenda Toi.

Miaka ile wateja walikuwa wameanza kubadilika. Vijana wa mitaa ya Ngong Road, wenye pesa kidogo na maringo mengi, walikuwa wakiingia Toi, na hao hawakuanza na zipu. Walianza na kola. Msichana wa kwanza aligeuza blauzi, akatazama, akageuza nyingine.

"Mathe, lebo iko wapi?"

"Wewe unavaa nguo ama unavaa lebo?" Mama alikuwa bado anacheka.

"Hizi zote hazina. Zote!" Akamwonyesha mwenzake. Mwenzake akasema kwa sauti, ili na wa jirani wasikie, "Hizi zimeanuliwa kwa kamba za watu."

Hapo nikaelewa jambo ambalo kila muuzaji wa Toi alilijua. Wezi wa nguo, wanaopita mitaani wakianua za watu kwenye kamba, hukata lebo kwanza ili mwenye nguo asiweze kuitambua mbele ya askari. Shati lisilo na lebo lilikuwa na hadithi yake, na hadithi hiyo haikuhitaji mtu wa kuisimulia. Mama aligeuza kola moja. Akageuza ya pili, ya tatu, akaendelea kugeuza haraka haraka, uso ukimbadilika. Alimwita shahidi muuzaji wa upande wa pili, mwanamke waliyekuwa wakiazimana chumvi, aje aone kamba na karatasi za robota. Mwanamke yule akasema amemwamini, kisha akavuta meza yake kando kidogo.

Tulidhani tumebuni pesa. Pesa ilikuwa pale siku zote, imeshonwa kwenye kola, na soko zima liliijua isipokuwa watoto wawili waliojiona werevu. Mama alikuwa amenunua robota la pesa na mimi nikaikata yote kwa alasiri moja. Kufika saa tisa alikuwa amekubali bei ya wanaume wa gereji, wanaotafuta vitambaa vya kufutia oili. Blauzi za kamera, nyeupe, zilizonukia sabuni ya mbali, ziliondoka kwenye gunia begani mwa makanika.

Jioni ile mama hakupiga kelele, na ndiyo maana naikumbuka. Alikaa kitandani na viatu vyake. Alikuwa ameshamwona dada mara nyingi akitoa lebo kwenye matambara, na alikuwa akijua tuna mchezo fulani. Akasema, "Leta mfuko wako." Dada akaleta. Mama akafungua zipu, akatoa kopo, likafunguka lenyewe.

"Nani amekata hizi vitu?"

Dada alitazama lile kopo kama mtu anayeonyeshwa maiti atambue. Akanitazama mimi. Nilikuwa karibu na jiko, nikatazama jiko. Akasogea hatua moja, akasimama kati yangu na mama. Nilidhani anasogea ili apigwe vizuri.

"Si nauliza? Nani?"

Hakukubali wala hakukataa. Alinyamaza, na katika nyumba yetu mwenye kunyamaza ndiye mwenye kosa. Mama akatikisa kichwa, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akisema polepole, kwa kumaanisha. "Mimi nakutafutia shule, wewe unanikata shingo." Mimi nilikuwa na nafasi. Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno mawili, nayo ni "ni mimi". Niliyasikia mdomoni. Niliogopa kipigo, hicho tu, kipigo cha dakika tano, na kwa kukwepa dakika hizo tano nikaiacha barua yake ichakae bure.

Januari ilifika, shule zikafunguliwa, nafasi yake akapewa mtoto wa mtu mwingine. Mama akampeleka kwa rafiki yake wa kanisani mwenye saluni Kawangware, kituo cha 56, afanye kazi za nyumbani na za saluni mpaka ajipatie karo mwenyewe. Sote tulijua karo haipatikani hivyo. Tulitembea kwa miguu, mimi nikiwa nimembebea mfuko. Tulipofika Dagoretti Corner alisimama, akanitazama, nikadhani amechoka. Nikamwambia tumekaribia.

Mama aliinuka tena kidogo kidogo, kwa vipande vya kuokota kwa wenye marobota. Miaka miwili baadaye nikaitwa kidato cha kwanza mimi, na karo ikapatikana. Sikuuliza ilipatikanaje. Likizo ya Aprili, dhamiri ikiwa imenikalia vibaya, nikaenda Kawangware kumwambia. Nilivaa sweta ya shule. Nilijiambia ndiyo nzuri niliyokuwa nayo, na ilikuwa kweli, lakini mtu mwenye akili timamu angeenda na baridi yake.

Alikuwa anamwosha mteja nywele. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa dawa. Hata mazungumzo yake yalikuwa yamegeuka, ya Nairobi kabisa.

"Sasa."

"Poa."

"Umekuwa mrefu. Hiyo ni ya shule gani?"

Nikasema, "Dada, zile lebo. Ni mimi nilikata."

Aliendelea kusugua. "Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Ulikuwa umejaa nyuzi kwa sweta, zile za kola. Nikasimama hapo mbele mathe asizione." Akamwaga maji kichwani pa mteja. "Nikasema, atasema. Atasema usiku huu. Haukusema. Nikasema, labda Jumapili tukitoka kanisa. Manze, hadi Dagoretti Corner, na begi yangu kwa kichwa yako, bado nilikuwa nangoja."

"Kwa nini wewe hukusema?"

Akacheka, kicheko kisichokuwa na furaha yoyote. "Mimi? Wewe ni wa kuzaliwa kwa hiyo nyumba. Mimi nililetwa. Mtu wa kuletwa atasema nini juu ya mtoto wa mwenyewe, na aendelee kulala hapo?" Akachukua taulo. "Mathe anajua?"

"Bado."

"Basi bado hujasema."

Nilirudi Kibera nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, Mungu anisamehe, kwa kutonisamehe haraka niende zangu nikiwa mwepesi. Niliapa nitamwambia mama jioni hiyo. Mama alikuwa amechoka jioni hiyo. Wiki iliyofuata alikuwa na wageni. Muhula ukafunguliwa. Ukitafuta siku mbaya ya kusema ukweli, hukosi. Zilikuwepo za kutosha kunifikisha kidato cha nne.

Mama alifariki mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, kifua, akiwa bado anamtaja binti wa mdogo wake kwa sauti ya mtu aliyeumwa na mkono aliokuwa akiulisha. Baada ya kumzika nyumbani, dada zake wawili wakubwa walikuja Nairobi kufunga chumba na kugawa nguo zake, kama ilivyo desturi, kila wa ukoo apate cha kumkumbukia. Dada alikuja kutoka Kawangware. Alifagia, alipika, aliosha masufuria ya watu wote, kisha akaja akapiga magoti kwenye rundo la nguo za mama na kuanza kukunja.

Mama mkubwa mmoja akamshika mkono.

"Wewe nguo za dada yangu usiziguse," alisema. "Hapa tunakujua."

Dada akaondoa mikono yake, akaiweka magotini. Safari hii hakunitazama kabisa. Hakuwa anangoja kitu tena kutoka kwangu. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, mtu mzima wa miaka kumi na minane, mwenye cheti na ulimi wake, na mama hakuwepo tena wa kunipiga. Nikainuka, nikachukua mtungi, nikasema naenda kuchota maji.